Ua la Kipupwe na Majina Yake: Historia Fupi ya Oxalis pes-caprae

Majina ya mimea ni miongoni mwa nyaraka kongwe kabisa za lugha yoyote. Hayakuandikwa na makarani wala hayakufungiwa makabatini. Yamehifadhiwa vinywani mwa wakulima, wapishi, waganga na watoto wachungao mbuzi. Hata hivyo, kama nyaraka nyingine zote, yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Yapo yasemayo kweli, yapo yasemayo nusu ya kweli, na yapo yanayobeba kinyongo cha siku yalipotungwa.

Makala hii inafuata safari ya ua moja dogo la manjano ambalo humea, hustawi na huchanua wakati wa baridi. Limezaliwa kusini kabisa mwa bara letu, likavuka bahari, na kila lilipotua lilipewa jina jipya. Dai langu ni hili: jina la mmea aghalabu halituambii mmea ulikotoka; hutuambia alikosimama mtu aliyelitoa. Dai hilo linatuhusu sana sisi tunaotunga na kufasiri kwa Kiswahili, kwa maana kila siku tunaitwa kuvipa majina vitu ambavyo wazee wetu hawakupata kuviona.

Kwao ni Rasi

Wataalamu huliita Oxalis pes-caprae. Kwao ni Rasi ya Tumaini Jema na maeneo ya jirani yake, kusini magharibi mwa Afrika. Eneo hilo ni dogo likilinganishwa na ukubwa wa bara, lakini lina takriban spishi 9,000 za mimea, na zaidi ya theluthi mbili ya hizo hazipatikani kiasili mahali pengine popote duniani. Jenasi ya Oxalis peke yake ina spishi zipatazo 200 kusini mwa Afrika.

Jambo la kwanza la kulielewa ni majira. Kiswahili kimejaliwa msamiati mzuri wa misimu: masika, kipupwe, demani, vuli, na pepo zake, kusi na kaskazi. Mtu akifasiri habari za baridi ya nchi nyingine, aghalabu hulikimbilia neno kipupwe. Kwa kalenda, hapa neno hilo linaingia barabara, kwa kuwa miezi ya baridi ya Rasi, Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ya kipupwe chetu. Wakati Mswahili wa Lamu au Kilwa anasikia upepo wa kusi ukipoza mwili, na mkulima wa Njombe anajifunika blanketi, mkazi wa Cape Town naye yuko katikati ya baridi yake.

Lakini kalenda ni ileile, maana si ileile. Kipupwe cha pwani yetu ni ubaridi mwanana baada ya mvua za masika. Ardhi inaanza kukauka na mavuno yanaingia ghalani. Kipupwe cha Rasi ndicho msimu wa mvua wenyewe. Mawingu hutoka Bahari ya Atlantiki, mvua hunyesha, milima huvaa ukijani. Kiangazi chao, cha Desemba hadi Februari, ndicho kikavu na kichomacho. Ulaya ya kaskazini nayo ina hali ya tatu: huko baridi huivua miti majani na kuilaza ardhi chini ya theluji, na ndiyo maana washairi wa huko waliizoea kama sura ya mauti.

Basi neno moja, kipupwe, likitumika kwa nchi tatu, hubeba mambo matatu: kwetu ni pumziko, Ulaya ya kaskazini ni kifo, Rasi ni uzazi. Mfasiri asiyelijua hilo ataliita ua hili jasiri linalopambana na baridi, ilhali halipambani na chochote. Baridi ndiyo neema yake. Adui yake ni jua la kiangazi, na hilo hulikwepa kwa kulala ardhini.

Umbile na mwenendo wake

Mmea huu huishi miaka mingi, lakini juu ya ardhi huonekana kwa miezi michache tu. Kiangazi chote hulala udongoni katika hali ya tunguu, yaani kiazi kidogo chenye umbo la kitunguu na maganda ya kahawia. Mvua za kwanza zinapolowesha udongo, yapata mwezi wa Aprili huko Rasi, tunguu huamka. Hupeleka juu shina jembamba lipitalo ndani ya udongo, na shina hilo likifika usoni mwa ardhi huchanua majani kwa duara.

Kila jani lina vijijani vitatu, na kila kijijani kimebonyea katikati ya ncha yake, kikafanana na moyo au na alama ya kwato. Usiku unapoingia vijijani hivyo hujikunja na kuning'inia, asubuhi hujinyoosha tena. Kutoka kati ya majani huinuka vikonyo visivyo na majani, na juu ya kila kikonyo hukaa kundi la maua yaliyojipanga kama mbavu za mwavuli. Maua machanga huinamisha vichwa. Yakikomaa huinua nyuso. Petali ni tano, rangi yake ni manjano mbivu ya limau, na kabla ya kufunguka huwa zimesokotana. Hufunguka jua likiwaka tu. Siku ya mawingu shamba zima huonekana kijani, na jua likitoka shamba lilelile hugeuka manjano katika muda mfupi.

Chini ya ardhi kuna kazi kubwa zaidi. Mmea huota mzizi mnene, mweupe, uliojaa maji, ambao baadaye hujikunyata na kuvuta vitu kuelekea chini. Wakati huohuo, kandokando ya shina la udongoni huzaliwa vijitunguu vidogo, aghalabu zaidi ya kumi kwa mmea mmoja katika msimu mmoja. Baridi ikiisha na ardhi ikaanza kukauka, majani hunyauka na vijitunguu hubaki udongoni, kila kimoja kikingoja mvua ijayo. Mwenye kupita hapo wakati wa kiangazi haoni kitu.

Utomvu wa mmea ni mchachu, kwa sababu una asidi ya oksaliki. Watoto katika nchi nyingi hutafuna vikonyo vyake kwa ajili ya ladha hiyo. Mpishi wa Rasi hutia majani yake katika mchuzi wa nyama uitwao bredie, hasa ule unaopikwa kwa maua ya majini, kama sisi tutiavyo ukwaju au ndimu. Lakini kondoo wakiyala mengi, asidi hiyo hunasa kalisi ya damu na kuumiza figo, na wafugaji wa Australia wamepoteza wanyama kwa sababu hiyo. Uchachu uo huo ni kiungo kwa kiasi na sumu kwa wingi.

Jina la jicho

Mwaka 1652 Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilianzisha kituo chake Rasini, pamoja na bustani ya kuwapatia mabaharia mboga. Tangu hapo mimea ya Rasi ilianza kusafiri katika merikebu kwenda Ulaya, mara ikiwa hai, mara ikiwa imekaushwa kati ya karatasi, mara ikiwa michoro tu. Amsterdam ikawa mji wa kuitazama Afrika bila kufika Afrika. Ndipo daktari Johannes Burman alipochapisha kitabu chake juu ya mimea adimu ya Afrika, kati ya mwaka 1738 na 1739.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1735, kijana kutoka Uswidi alikuwa amepokewa nyumbani kwa Burman. Jina lake ni Carl Linnaeus. Hakuwahi kukanyaga Rasi maishani mwake. Hata hivyo, mwaka 1753 alipotoa kitabu chake cha spishi za mimea, ambacho hadi leo ndicho chanzo rasmi cha majina ya kitaalamu ya mimea, aliliweka humo ua letu kwa jina la Oxalis pes-caprae.

Hebu tulifumue jina hilo, kwa kuwa wapenda lugha hawapiti jina bila kulifungua. Oxalis ni la Kigiriki, kutokana na oxys, yaani kali au chachu. Mzizi huohuo tunao kinywani kila siku pasipo kuujua: oksijeni maana yake ni mzaa-uchachu, kwa kuwa mwanakemia Lavoisier wa Ufaransa aliamini kwamba hewa hiyo ndiyo chanzo cha asidi zote. Sehemu ya pili, pes-caprae, ni Kilatini: mguu wa mbuzi. Linnaeus aliyatazama yale majani yaliyobonyea akaona kwato.

Katika kitabu hichohicho alikipa mmea mwingine sifa hiyohiyo, na huo tunao sisi. Ni ule mtambaazi wa fukweni, wenye maua ya zambarau yaliyo kama tarumbeta, utandao juu ya mchanga wa pwani yetu. Leo wataalamu huuita Ipomoea pes-caprae. Jani lake nalo limegawanyika mfano wa kwato. Mimea hii miwili haina undugu hata kidogo. Mmoja ni wa mchanga wa joto, mwingine ni wa udongo uliolowa kwa baridi. Kilichoikutanisha ni jicho la mtu mmoja aliyekaa mbali na kote kuwili.

Mwanafunzi wa Linnaeus, Carl Peter Thunberg, alifika Rasini mwenyewe na kukaa huko kuanzia mwaka 1772 hadi 1775. Yeye aliliona ua likiwa hai. Mwaka 1781, katika andiko lake juu ya jenasi hii, alitoa jina Oxalis cernua, yaani Oxalis iinamishayo kichwa. Tofauti yapendeza kuitafakari: aliyefanya kazi kwa vielelezo vya mezani aliona umbo la jani, aliyekuwapo shambani aliona mwenendo wa ua. Jina la Thunberg lilitumika sana vitabuni kwa zaidi ya karne moja. Hatimaye kanuni ya utangulizi, kwamba jina la kwanza ndilo lishikwalo, ililirudisha lile la mwaka 1753.

Mwaka 1794 Nikolaus Joseph von Jacquin wa Vienna alitoa kitabu kizima juu ya jenasi hii, chenye michoro 81. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1944 ndipo T. M. Salter, baharia mstaafu aliyehamia Rasi, akatoa uchambuzi kamili wa jenasi hiyo kusini mwa Afrika, uliotokana na kuyatembelea maua yenyewe kwao.

Malta, na safari ya kaskazini

Malta ni kisiwa kidogo katikati ya Mediterania. Mwaka 1800 Wafaransa walitolewa huko, na Waingereza wakashika hatamu hadi Malta ilipopata uhuru mwaka 1964. Wanabotania husimulia kwamba mnamo mwaka 1806 mama mmoja wa Kiingereza alimpa ua hili padri Giacinto, aliyekuwa mwalimu wa botania kisiwani humo, naye akalipanda katika bustani ya mimea. Bustani haikuweza kulizuia. Katika kipindi cha maisha ya mtu mmoja likawa limetanda mashambani, na mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza George Henslow aliandika kueleza jinsi lilivyosambaa kaskazini mwa nyumbani kwao, akiitaja Malta kuwa kituo kikuu cha msambao huo.

Bila shaka si kila shamba la Mediterania lilipata ua hili kutoka Malta. Mimea husafiri kwa njia nyingi: katika vyungu vya watu wa bustani, katika udongo ulioshika mizizi ya michungwa, katika matope ya magurudumu. Lakini leo hii, kuanzia Moroko na Ureno hadi Ugiriki na Palestina, mashamba ya mizeituni na michungwa huwa manjano tupu katikati ya baridi, na nyuki huyatembelea maua hayo wakati ambapo maua mengine ni machache. Ua lilifika pia California na kusini mwa Australia, kote kuliko na mvua za baridi na kiangazi kikavu.

Hapo pana jambo la kustaajabisha. Kuvuka ikweta ni kugeuza mwaka. Ua lililozoea kuamka Aprili na kuchanua Juni lilijikuta mahali ambapo Aprili ni mwisho wa mvua na Juni ni ukame. Nalo likajipanga upya: huamka Oktoba au Novemba, huchanua Desemba hadi Aprili, hulala Mei. Halikuwa linahesabu miezi. Lilikuwa linafuata unyevu na ubaridi. Majina ya miezi ni yetu sisi, mvua ni yake.

Mgeni asiye na mbegu

Sasa tuje kwenye fumbo lililowashughulisha wanasayansi wakubwa. Shamba zima la Malta lingeweza kujaa maua hayo, nyuki wakatua juu yake kutwa nzima, na mbegu isipatikane. Kwa nini?

Maua ya spishi hii huja kwa maumbo matatu. Kila ua lina vijiti vitano vya kike vipokeavyo chavua, na vijiti kumi vya kiume viitoavyo, vilivyopangwa katika safu mbili za urefu tofauti. Tuseme kuna ngazi tatu: ya chini, ya kati na ya juu. Vijiti vya kike hushika ngazi moja, na safu mbili za kiume hushika ngazi mbili zilizobaki. Mbegu hupatikana vizuri pale tu chavua ya ngazi fulani inapokipata kijiti cha kike cha ngazi ileile, na kwa hiyo ni lazima itoke katika ua la umbo jingine. Mshairi anaweza kuliona kuwa ni suala la vina: kina cha kati hutafuta kina cha kati, cha juu hutafuta cha juu, na ua haliwezi kukamilisha kina chake peke yake. Mjerumani Friedrich Hildebrand aliuchunguza mpango huu katika jenasi ya Oxalis, na Charles Darwin aliujadili katika kitabu chake cha mwaka 1877 kuhusu maumbo tofauti ya maua katika spishi moja.

Lililotanda Mediterania lilikuwa karibu lote la umbo moja tu, lile lenye vijiti vifupi vya kike. Juu ya hayo, lilikuwa na dosari ya hesabu. Msingi wa kromosomu zake ni saba. Rasini wako wenye seti nne, yaani kromosomu 28, na wako wenye seti tano, yaani 35. Waliosambaa ni hao wa seti tano. Kila aliyesoma hesabu kwa Kiswahili anazijua shufwa na witiri: nne ni shufwa, hugawanyika sawasawa, tano ni witiri, haigawanyiki pasipo kubakisha. Kiumbe wa seti witiri hutatizika kuunda chavua na mayai yaliyo sawa, na huzaa mbegu kwa shida kubwa.

Kwa hiyo mgeni huyu aliteka pwani za bahari nzima bila mbegu, kwa vijitunguu peke yake. Hapo methali yetu inageuka kichwa chini. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu ukimletea jembe umemsaidia: ulimaji huvunja shina la udongoni, hutawanya vijitunguu, na mmea mmoja hugeuka mimea kumi. Kila mkulima aliyemchukia na kumpiga jembe alimpanda.

Katika karne hii ya 21 watafiti wamegundua kwamba, magharibi mwa Mediterania, maumbo mengine ya ua yamejitokeza na mbegu zimeanza kupatikana. Yaelekea ile beti iliyokosa vina kwa miaka mingi imeanza kuvipata.

Majina ya ulimi na majina ya pasi

Nimeliacha mwishoni suala la majina ya watu wa kawaida, kwa kuwa ndilo kiini cha makala hii. Majina hayo yanagawanyika makundi mawili.

Kundi la kwanza nitaliita majina ya ulimi. Waafrikana wa Rasi husema geelsuring, yaani chachu ya manjano. Waitalia husema acetosella gialla, jina litokanalo na siki. Wahispania husema vinagrillo, siki tena. Wareno husema erva-azeda, mmea mchachu. Wagiriki husema xinithra, uchachu vilevile. Watu wa Australia ya kusini huliita soursob, na mwanzo wa neno hilo ni uchachu uleule. Watu hawa hawakukaa kikao. Kila mmoja alitafuna kikonyo, akakunja uso, akatoa jina.

Kundi la pili ni majina ya pasi ya kusafiria, yanayodai kutaja uraia wa mmea. Wamalta huliita ħaxixa Ingliża, majani ya Kiingereza. Neno ħaxixa ni ndugu wa hashishi ya Kiarabu, kwa kuwa Kimalta kimetokana na Kiarabu, na msomaji wa Kiswahili hulitambua mara moja. Wamarekani nao huliita kwa jina lenye maana ya ua-siagi la Bermuda. Si la jamii ya maua-siagi, na kwao si Bermuda. Huko nako ni mgeni. Kwa hiyo mmea wa Afrika umepewa uraia wa Kiingereza na wa visiwa vya Atlantiki, na katika majina yote mawili Afrika haikutajwa.

Tusiwacheke haraka. Katika miaka niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari nilikuwa nikiwauliza wanafunzi: mahindi yalitoka wapi? Jibu la kwanza aghalabu lilikuwa, "Uhindini, mwalimu, jina lenyewe linasema." Kumbe mahindi ni zao la Meksiko na Amerika ya Kati, wala halikujulikana upande wetu wa dunia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Waitalia waliliita nafaka ya Mturuki, na Waturuki wenyewe wakaliita kwa jina la Misri. Kila mmoja alimtazama jirani aliyemdhania ndiye mletaji. Pilipili manga hali kadhalika: Manga ni jina letu la kale la Arabuni, ilhali mmea wenyewe ni wa Malabar, Uhindi. Viazi ulaya navyo asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Majina haya si uongo mtupu. Ni ushahidi wa njia za biashara, wa jahazi zilizotia nanga na mikono iliyopokea mzigo. Kosa ni kuyasoma kama vyeti vya kuzaliwa.

Lakini Kiswahili kimetunga pia kwa namna bora zaidi. Mfikirie kifaurongo, ule mmea ambao ukiuguswa majani yake hujikunja kama yaliyokufa. Nao ni mgeni, asili yake ni Amerika ya joto. Waliouita hivyo hawakuuliza pasi yake. Waliinama, wakaugusa, wakauona ukifa kwa urongo, wakacheka, wakatoa jina ambalo ni shairi la neno moja. Jina hilo litabaki kweli popote mmea utakapoota, kwa sababu limejengwa juu ya mmea wenyewe.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Mmea unapoitwa wa taifa fulani, na mmea huo ukasumbua mashamba, lawama huhamia polepole kutoka kwenye mizizi hadi kwa watu. Maneno gugu na kwekwe nayo yanahitaji kuangaliwa. Si maneno ya botania. Ni maneno ya mkulima mwenye jembe. Hayaelezi mmea ulivyo, yanaeleza kwamba hautakiwi hapo ulipo. Ua lilelile ni kwekwe katika shamba la michungwa na kiungo katika sufuria ya Rasi. Anayeandika "gugu la kigeni" ametoa hukumu mbili kabla hajaeleza hata rangi ya ua.

Nasi tunao ndugu wa ua hili nyumbani. Oxalis latifolia, mwenye maua ya waridi na vijijani vitatu vipana, ametoka Amerika ya joto na anawasumbua wakulima wa nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa mbinu ileile ya vijitunguu. Watu wa nyanda hizo wana majina yao kwa lugha zao, na ni jambo la haja kwamba vijana wetu wayakusanye kwa bibi na babu zao, pamoja na sababu ya kila jina, kabla hayajafunikwa na neno moja la "magugu".

Kwa ua la Rasi lenyewe, pendekezo langu ni kwamba tufuate njia ya kifaurongo. Tunayo sifa -chachu, na tunacho kiambishi ki- cha udogo. Kichachu lingetosha kuitaja jenasi nzima, kwa kuwa uchachu ndio uliowakutanisha Wagiriki wa kale na watoto wa leo. Ua hili likihitaji kutengwa na ndugu zake, kichachu cha kipupwe lingesema msimu wake, na kwa Rasi lingekuwa sahihi hata kwa kalenda yetu ya pwani. Wenzangu watunzi huenda wana jina bora kuliko hilo. Na walilete, mradi kabla ya kulitoa wameliinamia ua lenyewe, wakalitazama linavyoinamisha kichwa asubuhi ya mawingu, wakaonja kikonyo chake kwa ncha ya ulimi.